Woga Huenda Pembeni

Mwalimu Ngollo hakuwa na ramani.
Alikuwa na mfuko wa vizibo vya soda,
chaki nusu, na mawe ya Bugarika
yaliyopandana yenyewe hadi dirishani.

"Leteni mifuniko," alisema,
tukakimbia jikoni kwa mama Shija
tukarudi na mifuniko ya masufuria ya makande,
mmoja bado unatoka jasho.
Thelathini na wawili, bega kwa bega,
mfuniko mkono wa kushoto, mpini wa fagio wa kulia.
"Ngao yako si yako.
Nusu ni ya aliye kushoto kwako.
Haya, tembeeni."

Tukatembea.
Na bila mtu yeyote kuamua
tukaanza kuhamia kulia,
kila mmoja akijibana kwa mfuniko wa jirani,
hadi Luhende, wa mwisho, asiye na jirani,
akagonga jabali na kulitukana kwa Kisukuma.
Mwalimu hakucheka.
"Ndivyo Wagiriki walivyokwenda vitani.
Woga haurudi nyuma tu. Huenda pembeni."

Akatueleza habari za Sparta,
ambako mtoto alipewa vazi moja la mwaka mzima.
"Kama mimi," alinong'ona Kabula,
wala hakuwa anatania.

Akatueleza habari za Athene, mji wa makasia,
ambako asiye na shamba wala ngao
alipata sauti barazani
kwa kuwa mgongo wake ndio uliosukuma merikebu.
Usiku ule baba alirudi kutoka Mwaloni,
vumbi la dagaa limemganda shingoni,
nikautazama mgongo wake
kama kitu kinachoweza kupiga kura.

Kisha kisiwa kimoja chenye moto na majivu,
Wasparta wamezingirwa na watu wa mishale,
watu wa kurusha na kukimbia,
wasiosogea karibu hata uone nyuso zao.
Na wale tuliodhani hawajui kushusha ngao
wakazishusha.

Siku ya mwisho ilikuwa ya vizibo.
Vyekundu ni Sparta, kumi na viwili kwenda nyuma.
Vya kijani ni Thebe.
"Miaka yote mwenye nguvu husimama kulia.
Thebe akaweka uzito wake kushoto,
hamsini kwenda nyuma,
upande wa pili akauambia: ninyi nyateni."
Akasukuma kwa kiganja.
Vyekundu vikamwagika sakafuni,
kimoja kikaviringika hadi chini ya mlango, kikatoka nje.
Alasiri moja tu, wanangu.
Na watumwa waliowalimia vizazi na vizazi
wakajijengea mji wao wenye kuta.

"Kisha Thebe akatawala milele?" aliuliza Kabula.
Mwalimu akaangalia nje, chini, kwenye ziwa.
"Bibi zenu walikula furu. Akaja sangara, akamla furu.
Leo sangara anapimwa kwa rula
na ziwa linabebwa na dagaa.
Kaskazini kulikuwa na mfalme wa jicho moja,
anachonga mikuki mirefu kuliko darasa hili,
na Wagiriki walikuwa bado wanabishana
nani mkubwa wao."
Kengele ikalia. Alihesabu vizibo vyake.
Kimoja kilipungua.

Juzi nimemwona Luhende, kivuko cha Kamanga.
Alikwenda jeshini, akapelekwa mbali, amerudi.
Hasemi mengi.
"Siku hizi hakuna mstari," alisema.
"Kitu kinavuma juu, kama mbu.
Anayekirusha yuko kwenye kiti mahali fulani,
labda anakunywa chai."
Mainjini yakanguruma. Mtoto akaangusha chungwa,
likaviringika, naye akashtuka
mwili mzima.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi,
kuliani kwake hakuna kitu, ni maji tu.
Nikainuka.
Nikaenda nikasimama pale.